Maswali tunayoulizwa mara kwa mara: ofisi ya afya ya halmashauri inatambuaje hatari za kiafya mtaani, na ikizitambua inafanya nini

Mtaani wengi wanatuita Bwana Afya na Bibi Afya, watu wanaoonekana na mabuti, daftari na ndoo ya dawa mambo yakiwa yameshaharibika. Maswali haya tunaulizwa kwenye ofisi ya mtendaji, sokoni, msibani na kwenye mikutano ya mtaa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanahusu uhai wa watu, mengine kwa sentensi mbili tatu. Majibu ni ya Tanzania Bara. Karibu na mwisho kuna machache kwa walioko Zanzibar na Kenya.

Ofisi ya afya ina tofauti gani na hospitali ya wilaya?

Hospitali inamhudumia aliyekwisha kuugua. Ofisi ya afya inakitafuta kilichomuuguza ili jirani yake asimfuate. Bosi ni mmoja: Mganga Mkuu wa Halmashauri anasimamia hospitali, vituo vya afya, zahanati na sisi maafisa afya mazingira. Ngazi ya kata panatakiwa kuwe na afisa afya wa kata, na chini yake wako wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ni wakazi wa kijiji au mtaa huohuo. Kata nyingine hazina afisa, na wa kata jirani anashika zote mbili. Ukimsubiri ukaona hafiki, mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Mnajuaje kuna hatari kabla watu hawajaanza kufa?

Kwa njia tatu, na ya tatu ndiyo ninayotaka uielewe vizuri.

Ya kwanza ni takwimu za vituo. Kila zahanati inatoa taarifa ya magonjwa yanayofuatiliwa kila wiki, na kuna magonjwa ambayo hayasubiri wiki iishe: kipindupindu, surua, kichaa cha mbwa, homa za kutoka damu na mengineyo hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Ya pili ni ukaguzi: vyanzo vya maji, machinjio, migahawa, shule, nyumba za wageni, dampo.

Ya tatu ni tetesi. Tuna hata rejesta yake. Mtu anapiga simu kusema, "Afisa, huku kwetu ndani ya wiki moja tumezika watatu wa nyumba moja," au mwalimu anasema darasa zima linaumwa tumbo. Hakuna kipimo wala jina la ugonjwa, ila kuna jambo lisilo la kawaida.

Magonjwa mabaya zaidi ya miaka ya karibuni yalianza hivyo. Julai 2022, huko Mbekenyera wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kufika kituoni na homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka na damu kutoka puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vikaonyesha hawana. Julai 18 Waziri wa Afya alitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaosambazwa na mkojo wa panya na wanyama wengine unapoingia kwenye maji na udongo. Wakati huo wagonjwa walikuwa 20 na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Mgunda unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria. Kwa hiyo mtoa huduma aliyeona damu za pua zimezidi na akaamua kutoa taarifa, badala ya kuandika "malaria" na kuendelea, alifungua njia ya matibabu kwa wote waliofuata.

Machi 2023 zamu ikawa ya Kagera. Katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu waliokuwa karibu karibu walianza kuumwa homa, kutapika, kutokwa damu na figo kushindwa kazi. Machi 16 serikali ilitangaza kuna ugonjwa usiojulikana, na Machi 21 ikathibitisha ni Marburg. Mlipuko ule ulikuja kufungwa ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Kwa ugonjwa wa aina ile, namba hizo zingeweza kuwa mbaya mara nyingi zaidi. Hazikufika huko kwa sababu taarifa ilitoka kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

Maabara inathibitisha. Wa kwanza kuona ni jirani, mwalimu, mwenye duka la dawa, mganga wa kienyeji, mchimba kaburi.

Nikitoa taarifa kisha ikaonekana hakuna kitu, nitachukuliwa hatua?

Hapana. Tetesi nyingi tunazozifuata hazizai mlipuko wowote, na hatuzihesabu kuwa hasara. Kinachoumiza ni mtu kusambaza kwenye makundi ya simu kwamba kuna Ebola kijiji fulani bila kumwambia yeyote anayeweza kwenda kuangalia.

Mkifika eneo lenye tatizo mnaanza na nini?

Tunaanza na kuuliza. Nitatumia mfano wa kipindupindu kwa sababu ndio unaojirudia zaidi. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara ukafika Zanzibar, na ulipita wagonjwa 20,000.

Kwanza tunakubaliana nani anahesabiwa kuwa mgonjwa: kwa mfano, mtu yeyote aliyeharisha majimaji mengi ghafla tangu tarehe fulani. Bila hilo, kila mwenye tumbo anaingia kwenye orodha na orodha inakosa maana. Kisha tunaiandika: umri, jinsi, nyumba, siku na saa alipoanza, alikula nini, alikunywa wapi, alikutana na nani.

Hapo kwenye kula na kunywa ndipo kazi ilipo. Ukimuuliza mtu alikula nini atakujibu "chakula cha kawaida". Inabidi urudi naye nyuma mlo kwa mlo: jana jioni ulikula wapi, nani alipakua, kachumbari ilikuwepo, mlinawa na maji gani. Kipindupindu kinaweza kuanza saa chache baada ya vimelea kuingia mwilini, au kikachukua hadi siku tano, kwa hiyo tunataka siku zote tano.

Maji nayo yana mtego wake. Nyumba nzima itakwambia "tunatumia bomba". Ukiuliza bomba lilitoka lini mara ya mwisho, kumbe lina wiki halijatoa, na madumu yanaletwa na kijana wa mkokoteni. Ukimfuata kijana unafika kwenye kisima kifupi, kamba na ndoo vimelala kwenye tope palepale watu wanapokanyaga wakichota, na choo cha nyumba ya pili kiko upande wa juu wa mteremko. Kanuni tunayoitumia ni choo kukaa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini.

Hapo tunatoa kichupa, tunajaza maji, tunatia kidonge cha kupimia klorini na kutikisa. Maji yakigeuka pinki, klorini imo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Yakibaki meupe, hakuna kinga. Huwa nawaita waliosimama pale kisimani waje watazame wenyewe, kwa sababu mama aliyeona maji yake hayakubadilika rangi sina haja ya kumhubiria. Tunachotaka kwenye maji ya kunywa ni angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, mpaka yanapomiminwa kikombeni.

Mwisho tunachora. Kila nyumba yenye mgonjwa inapata nukta kwenye ramani ya mtaa, hata kama ramani ni mkono tu kwenye karatasi. Nukta zikikusanyika kuzunguka kisima kimoja, tunakishughulikia hapohapo wakati sampuli bado ziko njiani.

Sasa kama chanzo ni maji, kwa nini mnamfungia mama lishe?

Swali hili lina haki. Wakati wa mlipuko, chakula kinachouzwa wazi, matunda yaliyokatwa na juisi za mkono husambaza vimelea hata kama havikuanzia hapo, maana vyombo vinaoshwa kwa maji yaleyale. Kumsimamisha kwa muda kunaweza kuwa lazima.

Lakini kufunga vibanda vyote na kuacha kisima wazi ni kazi nusu, na inawaumiza wanaoishi kwa mauzo ya siku. Ninavyoona mimi, mama lishe mwenye ndoo ya koki yenye maji yaliyotibiwa, sabuni, chakula cha moto na meza yenye mfuniko ni msaada kwetu. Watu watakula tu. Heri wale kwake. Akitimiza masharti aruhusiwe mapema, na masharti aandikiwe, asiambiwe kwa mdomo yakabadilika kesho.

Mgonjwa anaharisha sana na kituo kiko mbali. Nifanye nini njiani?

Mpe maji ya kuzuia upungufu wa maji mwilini tangu dakika ya kwanza. Kama huna pakiti ya dukani, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe, visiwe vya kufurika. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi, hata akitapika. Akitapika subiri dakika kumi uendelee. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Usikae nyumbani kusubiri apate nafuu. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, na anayewahi kituoni karibu kila mara anapona.

Ndugu yetu amefariki kwa kipindupindu. Kwa nini hamtuachii tumuoshe na kumzika kama desturi yetu?

Mwili wa aliyefariki kwa kipindupindu bado unatoa majimaji yenye vimelea vingi mno. Anayeuosha kwa mikono mitupu, kisha akashiriki kupika chakula cha msiba, anaweza kuwauguza waombolezaji waliotoka vijiji vitano tofauti, na wakarudi na ugonjwa makwao. Kwa Marburg na Ebola hatari ni kubwa zaidi, kwani kugusa mwili peke yake kunatosha.

Familia ina haki ya kumuaga mtu wake. Sheikh, padri au mchungaji aitwe, dua na sala zisomwe, familia ichague kaburi, ndugu wasimame kwa umbali unaoelekezwa na waone kila kitu. Uoshaji na uwekaji sanda au jeneza ufanywe na waliovaa kinga au kwa usimamizi wao. Timu inayofika na kuondoka na mwili bila kuzungumza na wazee wa familia inakosea, na kosa hilo linalipwa na mtaa mzima, kwa sababu familia inayofuata itaficha mgonjwa.

Hatari ziko nyingi. Mnachaguaje ya kuanza nayo?

Tunajiuliza: itawafikia watu wangapi, itawafikia kwa haraka gani, ikiwafikia itawaumiza kiasi gani, na je, tuna uwezo wa kuizuia kwa tulichonacho? Taka zilizorundikana sokoni zinanuka na zinalalamikiwa kila siku. Kisima kisicho na mfuniko hakinuki wala hakilalamikiwi, na mara nyingi ndicho kinachostahili kuanza.

Kuna kipimo ambacho nchi nyingi zinajipima nacho sasa, kinaitwa 7-1-7: tukio ligundulike ndani ya siku 7 tangu lianze, litolewe taarifa ndani ya siku 1, na hatua za kwanza zote ziwe zimekamilika ndani ya siku 7 zinazofuata. Nakipenda kwa sababu kinaonyesha tulipochelewa. Ukikiangalia vizuri, zile siku 7 za mwanzo ziko mikononi mwa wananchi kuliko mikononi mwetu.

Mnashughulika na magonjwa ya kuambukiza tu?

La. Juni 2016, vijiji vya Dodoma na Manyara, ikiwemo Chemba, Kondoa na Kiteto, viliona watu wakiumwa tumbo, wakitapika, macho yakigeuka manjano na matumbo yakivimba. Wakaonekana kana kwamba wameambukizana, maana waliugua nyumba nzima nzima. Walichoshirikiana kilikuwa chungu cha ugali. Mahindi yalikuwa na sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kenya ilikuwa imeyaona hayo mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sumukuvu inaingia nyumba nyingi na haina kelele. Inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga visipokaushwa vizuri au vikihifadhiwa vibaya. Huwezi kuionja wala kuinusa, na kupika hakuiondoi. Magunia yaliyolazwa moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo, yakiegemea ukuta wenye unyevu, ndiyo tunayoyatafuta tukiingia ghalani. Yapandishwe juu ya chaga, yaachane na ukuta, na mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasianikwe kwenye udongo mtupu. Unyevu unaofaa kuhifadhia mahindi ni asilimia 13 au chini yake. Kama huna mashine, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au njano ya ukungu zichambuliwe na zitupwe, na tafadhali sana zisipelekwe kwa kuku au ng'ombe wa maziwa. Na zisisagwe kuwa unga wa uji wa mtoto, jambo ambalo hufanyika kwa sababu mahindi mazuri yameuzwa.

Sumu za viwandani nazo ni zetu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto wao. Walipigana mahakamani kwa miaka. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Phyllis Omido, mama aliyeanzisha mapambano hayo, alikuwa amefanya kazi kiwandani hapo na mwanawe mwenyewe alikutwa na madini hayo mwilini. Kama mtaani kwako kuna anayeyeyusha betri uani, au anayechoma dhahabu kwa zebaki karibu na jiko la familia, hiyo ni taarifa ya kuleta.

Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa usiku wa baridi: litoke nje kabla ya kulala. Moshi ukiisha, hewa yenye sumu bado ipo, na aliyelala haamki.

Kwa nini hampulizi dawa ya mbu kama zamani?

Dawa ya kupuliza inaua mbu wanaoruka wakati huo. Walioko kwenye maji wanabaki, na baada ya wiki moja hivi wameshaota mbawa. Mbu wa homa ya dengue, iliyoitesa Dar es Salaam 2014 na tena 2019, anauma mchana na anazaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama uani: tairi, kifuu, kopo, sahani ya chini ya ua, ndoo isiyofunikwa. Mwaga maji hayo kila wiki. Na ukiwa na homa ambayo haijapimwa, tumia paracetamol. Usinywe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, kwa sababu kama ni dengue zinaweza kuongeza kutoka damu.

Mbwa ameniuma, lakini ni wa jirani na anaonekana mzima. Nihangaike?

Ndiyo, leo hii. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, angalia saa, kisha nenda kituo cha afya ukaanze chanjo. Usipake mafuta ya breki, pilipili wala majani. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba, na aliyeumwa anaweza kukaa wiki au miezi bila dalili akidhani amepona. Mbwa asiuawe hovyo. Afungwe na achunguzwe siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, daktari anaweza kusitisha chanjo zilizobaki.

Watu hutuomba tuwapige risasi mbwa wote wa mtaani. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, wenye wenyewe na wanaozurura. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, mpeleke wako, na mruhusu mtoto anayemjua mbwa amshike, maana mbwa anamsikiliza yeye kuliko baba mwenye nyumba.

Jirani anatapisha choo kila mvua ikinyesha. Nikimripoti atajua ni mimi?

Si kwa kupitia kwetu. Afisa anafika, anaona kwa macho yake, na notisi inaandikwa kwa alichokiona. Jina la mtoa taarifa halimo.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuingia na kukagua eneo na kumtaka mhusika aondoe kero ndani ya muda uliotajwa, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo zenye faini. Ukitaka kutusaidia, tuambie inatokea saa ngapi. Wanaotapisha vyoo hufanya usiku, mvua ikiwa kali, na asubuhi hakuna kinachoonekana isipokuwa harufu na watoto wanaocheza kwenye mfereji.

Faini hizi si mradi wa kukusanya pesa tu?

Faini peke yake haijawahi kusafisha maji. Ni sawa kumtoza aliyeonywa, akapewa muda, akawa na uwezo, na akakataa. Inapokosewa ni pale mpangaji wa chumba kimoja anapotozwa kwa choo kilichojaa, na mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine na anapokea kodi ya miezi sita sita. Notisi imfuate mwenye nyumba, kupitia mwenyekiti wa mtaa, ambaye anayo namba ya simu ya mwenye nyumba huyo. Na ukilipa faini yoyote, dai risiti ya serikali. Asiyekupa risiti usimpe pesa.

Mgonjwa wa mwisho ameshapona. Kwa nini bado mnasema mlipuko haujaisha?

Kwa sababu aliyeambukizwa jana anaweza kuonekana mzima leo. Marburg huchukua hadi siku 21 kujitokeza, kwa hiyo tunahesabu mara mbili yake, siku 42 bila mgonjwa mpya, ndipo tunatangaza umekwisha. Ule wa Bukoba ulitangazwa kuisha Juni 2, 2023. Januari 2025 Marburg ikajitokeza tena Kagera, safari hii Biharamulo, na watu wote 10 waliohesabiwa walifariki. Ukatangazwa kuisha Machi 13. Popo wa matunda wanaobeba virusi hivyo wapo siku zote, ndiyo maana Kagera hatuachi kuuliza kuhusu mapango na migodi hata miaka ya utulivu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amebisha hodi. Lazima nimkaribishe?

Hulazimishwi, lakini mkaribishe. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 nchi nzima kwa awamu, waliofundishwa na wanaotambuliwa na mtaa wao. Muulize kitambulisho, hatachukia. Atakuuliza kuhusu choo, maji, chandarua, chanjo za watoto na kama kuna mjamzito. Anayoyasikia kwako hayatakiwi kusimuliwa kwa jirani. Ukisikia ameyasimulia, lete malalamiko kwa mtendaji, na tutayachukulia kwa uzito.

Halmashauri haina bajeti. Kuna tunachoweza kufanya wenyewe?

Kipo. Kisima cha mtaa kinahitaji vitu vinne ambavyo mafundi wa hapohapo wanaviweza: ukingo wa kufika kiunoni, sakafu ya saruji kuzunguka na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika, mfuniko, na ndoo moja tu ya kuchotea inayotundikwa na isiyogusa chini. Kila mtu akija na ndoo yake, kila ndoo inaingiza uchafu wa nyumba ilikotoka. Mkishajenga tuiteni tukitibu kwa klorini, na mteue watu wawili wa kukisimamia, wanawake wakiwemo, maana ndio wanaoshinda pale.

Nyumbani, chemsha maji au yatibu kwa kidonge ukifuata maelekezo ya pakiti kuhusu kiasi cha maji na muda wa kusubiri, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Maji yaliyochemshwa vizuri na kuchotwa kwa kikombe kilichotoka mikononi mwa watoto yamerudi yalikokuwa.

Niko Zanzibar au Kenya. Niende kwa nani?

Zanzibar anza kwa sheha. Ndiye anayeunganisha shehia na ofisi ya afya ya wilaya. Kenya afya iko chini ya kaunti: mtafute afisa wa afya ya umma wa wadi, au mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako, miongoni mwa wale takriban 100,000 walioanza kazi rasmi Septemba 2023.

Nikipiga simu kutoa taarifa, niseme nini?

Piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Au mpigie afisa afya wa kata, mtendaji, au mhudumu wa mtaa wenu. Sema ni wapi kwa alama inayoonekana, mfano nyuma ya shule au karibu na mashine ya kusaga. Sema ni wangapi, wa umri gani, wameanza lini, wana dalili gani, na kama wanakaa nyumba moja au walihudhuria sherehe au msiba mmoja. Sema kama kuna aliyefariki. Taja pia wanyama: kuku wanaokufa ovyo, mbuzi wanaotupa mimba, nyani au popo waliookotwa wamekufa, samaki wanaoelea. Usiguse mzoga kwa mkono mtupu, na usiuchune.

Jina la ugonjwa hulazimiki kulijua. Acha namba inayopatikana, tutarudi kuuliza zaidi. Kama namba ya afisa afya wa kata yako huna, inatakiwa iwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji. Ukikuta haipo, mwombe aibandike.